Walioingia Pamoja Huzeeka Pamoja: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Simba

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi, nanyi mliokabidhiwa kazi ya usajili,



Nawaandikia kuhusu mabeki. Nadhani si barua mnayoipokea kila siku. Dirisha la usajili likikaribia, vijiwe vya Kariakoo huchangamka kwa majina ya washambuliaji: huyu yuko Ghana, yule anamalizana na klabu yake Kongo, mwingine ameonekana uwanja wa ndege kavaa kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Hakuna anayegonga meza kwa ajili ya beki wa kati. Beki hutajwa tunapofungwa, na hutajwa tena siku picha yake inapowekwa mtandaoni na maneno mawili matatu ya shukrani. Hapo ndipo watu huanza kuulizana, hivi huyu alikuja mwaka gani?

Niseme mapema ninachokisimamia, msije mkanihesabu miongoni mwa wanaolilia wakongwe kwa sababu ya mazoea. Beki akichoka, aondoke. Mshahara mkubwa unaolipwa kwa jina la jana ni hasara, na klabu yenye hasara kwenye ukuta hulipa mara mbili, benki na golini. Mkileta vijana wenye mapafu mapya, mimi ni wa kwanza kupiga makofi. Ninachokipinga ni kuwabadilisha kwa mkupuo. Walioingia pamoja huzeeka pamoja, wakizeeka pamoja huondoka pamoja, na kila wanapoondoka pamoja sisi tunaanza moja ilhali mtani wetu Yanga anaendelea na hesabu yake.

Turudi 2017, maana huko ndiko deni lilikoanzia. Tulikuwa tumetwaa ubingwa msimu wa 2011/12, kisha ukaja ukame wa misimu mitano, Yanga wakilichukua kombe mara nne na Azam mara moja. Katikati ya mwaka 2017 tukaenda Chamazi kwa Azam tukarudi na watu wanne kwa pamoja: Aishi Manula wa golini, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni wa ulinzi, na John Bocco wa mbele. Upande wa kushoto tulikuwa naye Mohamed Hussein, Tshabalala, aliyetoka Kagera Sugar mwaka 2014. Mwaka uliofuata akaongezeka Pascal Wawa, raia wa Ivory Coast ambaye naye Azam walikuwa wamewahi kumtumia. Matokeo mnayajua: ubingwa mara nne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21, na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili ndani ya kipindi hicho.

Ule ulikuwa usajili mzuri. Sitaki mtu aniambie kwamba naukosoa. Lakini hakuna aliyekaa siku ile akapiga hesabu ya umri. Manula, Kapombe, Nyoni na Bocco waliingia mlango mmoja siku zinazokaribiana, wakashinda pamoja, na mwendo ulipoanza kupungua, ulipungua kwa wengi wao ndani ya miaka ileile. Kipindi kizuri kilipoanza kuisha hatukuwa na nusu ya ukuta mpya iliyokwisha kuiva. Tulikuwa na ukuta mmoja, ulioingia pamoja.

Angalieni msimu wa 2020/21. Hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa tulicheza mechi sita, tukafungwa mabao mawili tu. Al Ahly walikuja Mkapa wakaondoka wamefungwa 1-0. Katikati alisimama Wawa, umri wake ukiwa 35, pembeni yake Mkenya Joash Onyango aliyekuwa ametoka Gor Mahia, na wale wawili walikuwa wakicheza kama watu wanaosomeana mawazo. Halafu ikaja Mei 2021, Johannesburg, robo fainali na Kaizer Chiefs. Mabao manne kwa bila. Marudiano tulishinda 3-0 na bado tukatoka. Ukuta uliosifiwa bara zima ulivuja usiku mmoja kuliko ulivyovuja hatua nzima ya makundi. Ndivyo wakongwe walivyo: wanakupa miezi ya utulivu, kisha siku miguu inapogoma haitoi taarifa.

Wawa akaondoka 2022, Onyango na Nyoni 2023. Kabla hatujajua tumebaki na nini, ikafika Novemba 5, 2023, mechi na Yanga.

Naomba tuitazame ile mechi kwa macho makavu, kama inawezekana. Mapumziko ilikuwa 1-1. Kuanzia dakika ya 64 hadi ya 87 tukafungwa mabao manne, ikaisha 5-1. Watu wengi walimtafuta wa kumsulubu, wengine wakampata kipa, wengine kocha Robertinho, ambaye hakuchukua siku nyingi akawa ameondoka. Nilichokiona mimi ni laini ya ulinzi ambayo kila Yanga walipopokonya mpira ilikuwa ikirudi nyuma kuelekea kwa kipa, wakati viungo wamebaki juu. Ule uwazi wa katikati ndio uliotuua. Beki aliyechoka hana namna. Akijua mshambuliaji atampita mbio, anaanza kurudi mapema ili asiaibike. Akirudi yeye, wenzake wanamfuata. Aziz Ki na Maxi Nzengeli walipewa nafasi ya kugeuka na kuangalia mbele, na ukimpa Aziz Ki wa msimu ule nafasi ya kugeuka, umekwisha.

Kwa hiyo mliposema mwaka 2024 kwamba tunaanza upya, mlikuwa na haki. Tulikuwa tumemaliza ligi nafasi ya tatu, pointi 69 sawa na Azam, tukazidiwa mabao na kukosa hata Ligi ya Mabingwa. Akaja kocha Fadlu Davids. Henock Inonga akaenda FAR Rabat. Wakaja Chamou Karaboue, Abdulrazack Hamza, na golini Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Beki wa kati Che Malone alikuwa na msimu mmoja tu Msimbazi. Timu ikaanza kukaba juu, mabeki wa kati wakisimama karibu na mstari wa katikati kwa sababu walikuwa na uwezo wa kugeuka na kukimbia mita arobaini bila kuomba maji. Hilo lilikuwa jambo geni kwetu, na lilipendeza.

Msimu ule wa 2024/25 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Al Masry walitufunga 2-0 kule Suez, tukarudisha 2-0 kwa Mkapa na kuwatoa kwa penalti. Stellenbosch tuliwafunga 1-0 Zanzibar, kwao tukatoka 0-0. Mechi tatu za mtoano mfululizo bila kuruhusu bao, kwa ukuta ambao mwaka mmoja nyuma ulikuwa haujawahi kukaa pamoja! Magazeti yakaandika habari za damu changa. Mitandaoni ikawa vijana, vijana, vijana.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Sifa zile zilikuwa za haki, ila zilikuwa nusu. Katikati walikaa vijana na wageni wa msimu mmoja. Kulia alikuwa Kapombe, kushoto alikuwa Tshabalala. Wawili hawa walikuwa Msimbazi pamoja tangu 2017, misimu minane. Katikati yao walipita Juuko Murshid, Yusuf Mlipili, Nyoni, Wawa, Kennedy Juma, Onyango, Inonga, Che Malone, Hussein Kazi, Karaboue, Hamza. Hebu isomeni tena orodha hiyo taratibu. Beki wa kati alikuwa akija na kuondoka, na aliyekuja alikuta kulia kuna mtu na kushoto kuna mtu. Hatukuwahi kuliona hilo kama mpango kwa sababu halikuwa mpango, lilitokea tu. Lakini ndilo lililotuwezesha kubadilisha katikati mara zote hizo bila nyumba kutuangukia. Mzee anayebadilisha nguzo za nyumba ya udongo hang'oi zote asubuhi moja.

Msimu huo mechi zetu nyingi za nyumbani tulichezea Uwanja wa KMC, Mwenge. Mliozoea viti vya Mkapa hamuijui raha ya pale. Ni uwanja mdogo, ukikaa chini karibu na uzio unawasikia wachezaji wakitukanana. Nakumbuka kona moja ya wapinzani, mechi ambayo wala haikuwa kubwa. Wote tulikuwa tukimtazama mpigaji. Beki wetu mmoja wa pembeni, mkongwe, yeye aliugeuzia mpira mgongo. Alikuwa akikagua miguu ya wenzake. Akamshika beki kijana kiunoni akamsogeza hatua mbili kuelekea nguzo ya karibu, akamfokea kiungo aliyekuwa amesimama anakaba hewa, kisha akarudi mahali pake. Kona ikapigwa chini-chini, ikatua palepale alipomsogeza kijana, kijana akaitoa kwa kichwa. Uwanja ukamshangilia kijana. Kabla makofi hayajaisha yule mkongwe alikwisha paza sauti, "Toka! Toka!", laini nzima ikapanda kwa pamoja, na mshambuliaji wao aliyezubaa ndani ya boksi akaachwa kwenye kuotea.

Kwenye ripoti ya mechi ile anayeandikwa ni kijana: ameondoa hatari. Mshahara unaolalamikiwa kwenye vikao ni wa yule aliyemsogeza.

Na siku ambayo vijana walitakiwa kusogezana wenyewe waliona ugumu wake. Fainali ya kwanza kule Berkane tulikuwa tumefungwa mabao mawili kabla robo saa haijaisha. Uwanja unawaka, wenyeji wanakuja kwa kasi, na ndani ya dakika zile za mwanzo ndipo timu inapohitaji watu wa kuupoza mchezo: wa kuuchelewesha mpira wa kurusha, wa kwenda kumsemesha refa, wa kuanguka kidogo ikibidi. Ndiyo, Kapombe na Tshabalala walikuwepo, lakini wako pembeni, na kelele za uwanja kama ule hazipenyi kutoka pembeni hadi katikati. Baada ya pale ukuta ulitulia na hatukufungwa tena usiku ule. Ilikuwa imechelewa. Zanzibar tulitoka 1-1, kombe likabaki Morocco.

Mngeniuliza siku ile tukishuka boti Dar es Salaam, ningesema tuko mlango wa mwisho; tumpatie Hamza na mwenzake msimu mwingine katikati ya wakongwe wale wawili, kisha tuanze kumwandaa mrithi wa mmoja wao. Mmoja, si wawili.

Lilipofunguliwa dirisha, mkataba wa Tshabalala uliisha, naye akavuka barabara kwenda Jangwani, kwa Yanga. Nahodha wetu. Che Malone naye akaenda USM Alger. Yaliyosemwa mezani ni yenu na yeye, sina haja nayo. Ninachowaomba ni kulitazama neno tulilokuwa tukimwita. Tulikuwa tukimwita mkongwe. Tshabalala amezaliwa Novemba 1996. Alikuja Msimbazi akiwa na miaka 17, akaondoka akiwa na 28. Kwa beki wa pembeni huo si uzee, ni mchana. Alionekana mzee kwa sababu tulikuwa tumemzoea. Misimu kumi na moja ya kumwona kila wiki ilitufanya tuhesabu miaka yake ya klabuni badala ya miaka ya miguu yake, na mtani, ambaye hakuwa amemchoka, akahesabu vizuri.

Sina neno baya juu ya waliokuja. Rushine De Reuck amepita Mamelodi Sundowns, na mtu hapiti pale kwa bahati. Anthony Mligo ametoka Namungo, kijana wa nyumbani, na mimi huwa na udhaifu kwa vijana wanaotoka timu za mikoani kwa sababu wamekabia kwenye viwanja vyenye vichuguu. Lakini kijana wa kushoto aliyekuja alipaswa kumkuta Tshabalala mazoezini Bunju, akae nyuma yake, agombane naye, aibe kila anachokijua, kisha amnyang'anye namba. Badala yake amekuta kabati tupu.

Mnivumilie, sasa nawataja watani. Najua kuna watakaoichana barua hii hapa.

Mwaka 2020 Yanga walikuwa na tatizo kama letu, tena baya zaidi. Nadir Haroub 'Cannavaro' alikuwa ameshastaafu. Kelvin Yondani, ambaye sisi wenyewe tulimlea kabla hajahamia kwao 2012, alikuwa mwishoni, akaondoka 2020 pamoja na Juma Abdul. Dirisha lile wakamchukua Bakari Mwamnyeto kutoka Coastal Union ya Tanga. Wakatulia. Januari 2021 wakamchukua Dickson Job kutoka Mtibwa Sugar, yule aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana Gabon mwaka 2017. Watu wakacheka kwamba ni mfupi mno kwa beki wa kati. Wakatulia tena, safari hii mwaka mzima. Januari 2022 wakavuka bahari wakamchukua Ibrahim Hamad, Bacca, kutoka KMKM ya Zanzibar.

Mabeki watatu, madirisha matatu tofauti. Kila aliyeingia alimkuta aliyetangulia ameshajua njia. Na wakati wakikua, mwaka 2021 wakawekewa Mkongomani Yannick Bangala, mtu mzima, aliyekuwa akicheza kiungo mkabaji na beki wa kati kadiri kocha Nabi alivyotaka, na kazi yake kubwa ilikuwa kuongea. Msimu wa kwanza wa Bangala walitwaa ubingwa bila kufungwa mechi hata moja, na yeye akawa mchezaji bora wa ligi. Baada ya misimu yake miwili, vijana walipokuwa wameiva, wakamwachia aende Azam. Hakuna aliyelia kwa muda mrefu. Ubingwa ukaendelea kwenda Jangwani hadi 2024/25, minne mfululizo, Mwamnyeto, Job na Bacca wakiwa bado wapo.

Tazameni na upande wa hesabu. Kanuni za ligi zimeweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Kila beki wa kati mnayemleta kutoka nje anakalia kiti cha mshambuliaji au kiungo. Kwa kuwa ulinzi wa katikati ulikuwa wa Watanzania watatu, watani walibaki na nafasi za Djigui Diarra, Mayele, Aziz Ki, Pacome, Maxi. Tunapojiuliza kwa nini safu yao ya mbele ilikuwa ikitisha kuliko yetu, sehemu ya jibu iko Tanga, Manungu na Unguja, walikochukuliwa mabeki.

Jambo hili si la Kariakoo peke yake. Mashabiki wa Arsenal mlio kwenye Bodi, najua mpo, mnakumbuka ule ukuta aliourithi Wenger mwaka 1996: Dixon, Adams, Bould, Keown, Winterburn. Hakuufumua. Bould akaondoka 1999, Winterburn 2000, Dixon na Adams wakastaafu 2002. Ashley Cole akaingia, Lauren akaingia, Sol Campbell akaja 2001, na Kolo Touré, aliyekuwa akitumiwa kiungo, akageuzwa beki wa kati. Msimu wa 2003/04 walipomaliza ligi bila kufungwa, Keown alikuwa bado yupo, ana miaka 37, akacheza mechi kumi. AC Milan walifanya kinyume. Kiangazi cha 2012 waliondoka Nesta, Zambrotta na Thiago Silva, achilia mbali Gattuso, Seedorf, Inzaghi na Ibrahimović. Msimu uliofuata wakajikongoja hadi nafasi ya tatu, kisha ya nane, kisha ya kumi, na ubingwa wa Italia hawakuuona tena mpaka 2022.

Sasa fedha, maana najua jibu litakalokuja: mwanachama anaongea kirahisi kwa sababu si yeye anayesaini hundi. Sawa. Mchezaji mkongwe anayemaliza mkataba ni ghali kwa namna yake. Hana klabu ya kulipwa, kwa hiyo fungu lote la usajili analitaka mwenyewe, na analitaka upya kila mkataba unapoisha. Juu yake kuna mshahara wa nyota. Mkimpa miaka mitatu akiwa na miaka 33, huo wa tatu mnamlipia daktari. Kijana kutoka timu ya mkoani bei yake nafuu, mshahara wake nafuu, na akikubali kukua mnaweza kumuuza. Nakubaliana na hesabu yote hiyo. Ila kuna mstari mmoja haumo kwenye karatasi zenu: gharama ya kumleta kijana ambaye hana wa kumfundisha. Anacheza mechi sita, anafanya kosa moja mbele ya watu elfu sitini, anakaa benchi msimu mzima, mwisho wa mwaka anapelekwa kwa mkopo au anapewa mkono wa kwaheri, na dirisha linalofuata mnanunua mwingine. Huyo ndiye beki ghali kuliko wote, na hatujawahi kusikia akilalamikiwa, kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo.

Kuna njia ya katikati, na wachezaji wenyewe wanaijua. Mkongwe apewe mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara wa msingi ushuke, malipo yaongezwe kwa kila mechi anayocheza. Na aandikiwe kazi ya pili kwenye mkataba huohuo: kukaa na timu ya vijana siku mbili kwa wiki, mabeki tu. Atakayekataa, mwachieni aende kwa heshima. Atakayekubali atakuwa ameonyesha kwamba bado anaipenda kazi. Simba si wageni wa jambo hili. Selemani Matola alikuwa nahodha wetu na amekaa benchi la ufundi chini ya makocha wa mabara tofauti. Lakini Matola alikuwa kiungo. Mwaka 2003, Zamalek walipokuja na ubingwa wao wa Afrika tukawatoa kwa penalti kwao Cairo, nyuma walisimama Boniface Pawasa na Victor Costa mbele ya Juma Kaseja. Elimu ya watu wale wawili, ya namna ya kusimama dakika 90 Cairo bila kutetemeka, imehifadhiwa wapi ndani ya klabu hii? Nani anamfundisha beki wa timu ya vijana wa Simba namna ya kukaa kwenye kona?

Na jambo dogo, ila linaniuma. Mnapomuaga mtu aliyetuchezea miaka mingi, muageni uwanjani. Mechi ya mwisho ya msimu, dakika za mwisho, atolewe, apewe kipaza sauti, aseme neno. Picha ya mtandaoni saa nne usiku haitoshi. Vijana waliobaki wanaangalia. Wanajifunza kutoka kwenye picha ile jinsi na wao watakavyoagwa, na wakala wao anajifunza haraka zaidi.

Ombi langu liko kwenye jina moja. Tulipompoteza Tshabalala, Kapombe alibaki. Amezaliwa Januari 1992, amecheza Ufaransa, ameshinda kila kombe la nchi hii, na miguu yake haitadumu milele. Ninyi mnalijua hilo kuliko mimi kwa sababu mnaona ripoti za daktari. Msisubiri siku mkataba wake unapoisha ndipo mtafute beki wa kulia. Mtafuteni mrithi wake sasa, awe Mtanzania, awe chini ya miaka 22, mmlete wakati Kapombe bado anavaa viatu, na wagawane mechi msimu mzima. Na katika dirisha hilohilo msiguse nafasi nyingine ya ulinzi. Wa katikati waacheni wazoeane.

Mkutano mkuu ujao, kabla ya kutusomea mapato na matumizi, tusomeeni orodha ya mabeki wetu wote: umri wa kila mmoja, mwaka mkataba wake unapoisha, na jina la kijana anayeandaliwa kuchukua nafasi yake. Mkikuta mikataba mitatu inaisha mwaka mmoja, tuelezeni mtafanya nini. Nitakuwa nimekaa pale na kadi yangu mkononi, nasubiri kusikia.

Wenu mtiifu,
Mwanachama, Dar es Salaam